Mpunga Unaohesabu Giza

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua mapazia meusi ndani ya nyumba ya vioo saa moja kamili asubuhi. Maji sawa kwenye ndoo zote kumi na moja za mpunga, vidole viwili juu ya udongo. Hakuna suke. Giza la thelathini na tano limepita na hakuna suke hata moja.

Majani ni marefu, kijani, yamenona. Yanakula mbolea na kulala.

Ndoo mbili za pembeni, zile za mpunga wa kawaida usiojali siku ni ndefu au fupi, zilichanua wiki jana. Kwa hivyo si maji, si udongo, si joto. Shida iko kwa hizi kumi na moja peke yake. Nimeandika hivyo kwenye daftari la kazi, kwa Kiingereza kizuri. Hapa naandika ukweli: naogopa.

Mzee Kirui, askari wa usiku, alikuwa anatoka zamu. "Wagonjwa wameamkaje, madam?" Mimi ndiye nilianza kuziita wagonjwa, mwezi wa tatu, kwa mzaha. Mzaha umeisha, jina limebaki.

Saa kumi na moja jioni nimefunga mapazia. Saa kumi za mwanga, kumi na nne za giza. Kama jana.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna.

Ijumaa, 9 Mei

Akinyi amepiga simu. Yeye ndiye binti ya Profesa anayemtunza tangu apooze upande mmoja. "Auntie, ngoja, anataka kukuuliza." Nikasikia pumzi, halafu sauti yake, nzito kama imefungwa kamba. "Yamechanua?" Nikasema bado. Akinyi akarudi, akaniambia amekuwa akilifanyia mazoezi hilo neno moja tangu asubuhi.

Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na huyu mtu. Aliniajiri kuosha chupa za maabara. Ndiye alinifundisha kupandisha mpunga, kutia chavua ya huu kwenye ule, ua kwa ua, na mkasi mdogo wa kucha. Wengine waliniita msichana wa maabara. Yeye aliniita Wambui, na akiandika ripoti jina langu lilikuwa chini ya lake.

Mpunga wenyewe ni wa mama yake. Pakiti ya mbegu iliandikwa hivyo tu, "Mama". Ulikuwa unapandwa huko kwao chini, karibu na ziwa, kabla watu waletewe mbegu za haraka. Hakuna anayeupanda tena. Tumetafuta. Mpunga mwingi wa siku hizi jeni yake ya kuhesabu giza imevunjika mahali, ndiyo maana unachanua msimu wowote. Wa Mama haujavunjika. Huku kwetu siku ndefu na siku fupi zinatofautiana kwa dakika chache tu, mtu hawezi kujua. Huu mpunga ulikuwa unajua. Ulingoja mafuriko yashuke ndipo uchanue. Profesa alitafuta miaka yote kujua ni nini ndani yake kinachohesabu vikali hivyo. Hakumaliza.

Halafu friji ya mbegu ikafa wakati wa likizo ya Desemba. Stima ilikatika, ikarudi, ikaichoma. Hakuna aliyejua mpaka Januari. Nilifungua mlango nikapigwa na harufu ya ukungu. Nilipanda kila punje ya Mama iliyobaki, punje mia mbili na kitu. Ziliota kumi na moja.

Hizo ndizo zote duniani. Zisipozaa, umekwisha.

Jumanne, 13 Mei

Kuna kitu kinateleza kwenye ukingo wa ndoo. Tone moja kila ndoo, kama mafuta. Nimefikiria ni vidukari, maana huacha utomvu. Nimekagua majani na lenzi, sijaona mdudu. Nimeosha ndoo zote na sabuni.

Nimekuta pia kigoda cha storo kimewekwa ndani, nyuma ya mapazia. Wanafunzi. Wanajificha humo na simu zao. Nimebandika karatasi nyingine ya onyo mlangoni, maandishi makubwa mekundu: mimea iko kwenye matibabu ya siku fupi, usifungue. Nimeiandika kwa Kiingereza, kama ile ya kwanza.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimeingia ndani ya mapazia mchana, nikajifungia, nikakaa nusu saa macho wazi nikitafuta tundu. Nimepata matatu, madogo kama kichwa cha pini. Nimeziba kwa utepe mweusi. Nimetoka nikiwa na jasho na furaha ya kijinga, eti nimepata mwizi.

Tundu la pini usiku, bila mwezi, bila taa jirani. Najua haliwezi kuvunja giza. Lakini ilibidi iwe kitu.

Jumapili, 18 Mei

Profesa: "Yamechanua?"

Bado.

Jumanne, 20 Mei

Nimechana chipukizi moja la ndoo ya nne, nikaweka ncha chini ya darubini. Kama ujumbe umefika, ncha hugeuka: inaacha kutengeneza majani, inaanza kutengeneza suke, kitu kidogo chenye manyoya meupe. Nilikuwa nimejiambia nitaona manyoya.

Nimeona jani. Ndani ya hilo jani, jani lingine.

Ujumbe hutoka kwenye majani. Jani ndilo linalohesabu giza. Giza likitosha, usiku baada ya usiku, linatuma neno mpaka kwenye ncha: sasa. Haya majani hayajasema kitu. Usiku hamsini wa giza na hayajasema kitu.

Labda pakiti ilichanganywa, na huu si Mama. Labda Profesa alikosea miaka yote. Nimefikiria hilo nikaona aibu.

Labda ni mimi. Nimekuwa nikisoma kipimajoto vibaya, nikiweka mbolea nyingi, nikifunga kwa kuchelewa. Nimepitia daftari lote. Sijachelewa hata siku moja. Hata siku ile nilikuwa na malaria nilikuja nikafunga, nikalala kwenye magunia.

Jumamosi, 24 Mei

Dada yangu wa Kihoto amepiga. Maji ya ziwa yamerudi, yamefika kwenye miguu ya kitanda. Wamehamia kwa jirani mwenye nyumba ya juu. Nikasema pole. Nikamwambia nitapiga baadaye. Nikarudi kwa ndoo zangu.

Mimi ni mtu mbaya. Sijapiga.

Jumatano, 28 Mei

Ngoja niandike polepole.

Asubuhi Mzee Kirui alinikuta nimesimama mbele ya ndoo. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akavua kofia. "Madam, usivunjike moyo. Jana nimekaa nao sana. Nimesoma mpaka tochi ikaanza kufifia."

Nikamuuliza umekaa na nani.

"Na wagonjwa."

Akanieleza bila kuficha, maana hakuona cha kuficha. Kila usiku saa tano, akimaliza mzunguko wa kwanza, anafungua mlango kwa funguo zake, anainua pazia, anakaa kwenye kigoda. Anawasomea Neno kwa tochi. Anapaka tone la mafuta ya upako kwa kila ndoo. Anaomba. Anatoka. Hajakosa hata usiku mmoja, hata ule wa mvua ya mawe. Yeye ni mzee wa kanisa, kazi yake Jumamosi ni kuzunguka hospitali akiombea wagonjwa, na mgonjwa hutembelewa, haombewi kwa mbali kama hana mtu.

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Si ni wewe, madam. Ile siku ya kwanza ulifunga hizi pazia, ukaniambia, mzee, niombee hawa wagonjwa, ndio wa mwisho."

Ni kweli. Nilisema. Tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu, nikifunga kibanio cha mwisho. Nilisema vile mtu husema "haya, tuombeane" akiaga. Nilishasahau kabla nifike langoni. Mimi hata kanisani siendi.

Nikamuuliza kama tochi ilikuwa inamulika majani. Akanishangaa. "Sasa nitasoma na giza?"

Usiku hamsini na nane. Mwanga wa dakika chache katikati ya usiku unatosha. Jani linaanza kuhesabu upya. Usiku mmoja mrefu unakatwa kuwa usiku mbili fupi, na kwa mpunga huu usiku mfupi maana yake ni ngoja. Ukangoja. Ulifanya kazi yake vizuri kuliko sisi sote.

Hili jambo nalifundisha wanafunzi kila mwaka. Nachora usiku ubaoni, naukata katikati kwa chaki, nawauliza nini kitatokea. Mtu mmoja tu analala macho hapa, na yeye sikuwahi kumwambia. Nilibandika karatasi mbili za Kiingereza kwa mtu anayesoma Kiswahili na Kikipsigis.

"Nimekosea?" akauliza.

Nikasema hapana. Nikasema kuanzia leo aombee nje, tochi imezimwa, wanahitaji kulala. Akaitikia kwa kichwa, akafurahi kuelewa. "Kweli. Mgonjwa lazima alale."

Nikaenda storo nikafunga mlango. Nimepiga gunia la mbolea teke mpaka ukucha umeng'oka.

Nimemchukia mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo nikajichukia mimi, na hiyo ndiyo haijaisha.

Alhamisi, 29 Mei

Giza la kwanza. Naanza kuhesabu upya, kama wao.

Nimepiga hesabu mara tatu na jibu ni lile lile. Siku thelathini na tano, arobaini, ndipo suke litoke. Hiyo ni mwanzo wa Julai. Chavua hutengenezwa siku kumi, kumi na mbili kabla. Hiyo ni mwisho wa Juni. Mwisho wa Juni hapa Bahati watu wanavaa sweta mbili na kuwasha jiko ndani. Chavua ya mpunga ikipigwa na baridi inakufa ndani ya kifuko chake, na ua linafunguka likiwa tupu.

Kama zingechanua Mei, zingekuwa zimepona.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeenda kwa mkuu wa chuo kuomba hita mbili za stima. Akasema nijaze fomu. Nikaomba pikapu nishushe ndoo Marigat, kule kuna joto, niombe mtu kona ya shamba. Pikapu imekaa juu ya mawe tangu Pasaka. Akaniuliza mpunga unafanya nini Nakuru kwanza. Swali la maana. Profesa alikuwa akilijibu kwa saa nzima, mpaka mtu anatia sahihi ili aondoke. Mimi sina huo mdomo.

Nimejaza fomu.

Ijumaa, 6 Juni

Vioo sita vya paa vimevunjika. Nimeziba kwa nailoni na gundi, juu ya ngazi. Mzee Kirui alibaki baada ya zamu akanishikia ngazi. Hakuambiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Fomu imerudi. Nimekosea sehemu ya pili.

Jumatano, 18 Juni

Digrii tisa ndani, alfajiri. Nimeleta mablanketi mawili ya nyumbani nikayatandika juu ya mapazia. Nimelala na leso na koti.

Mzee Kirui ameona. Leo asubuhi kulikuwa na blanketi la tatu, la mistari myekundu, linanuka moshi. Ni lake. Nimemwambia achukue, atakufa na baridi kibandani. Amesema yeye ana moto, wagonjwa hawana.

Jumapili, 22 Juni

Profesa: "Yamechanua?"

Nikasema karibu. Nimechana chipukizi Ijumaa na safari hii nimeona manyoya. Meupe, madogo, kama kidevu cha kijana. Ujumbe umefika. Nilimweleza hivyo. Akatoa sauti ambayo Akinyi anasema ni kicheko.

Sikumwambia digrii. Hakuniuliza. Yeye hata angekuwa amelala kaburini angejua Juni ya Bahati ilivyo.

Alhamisi, 26 Juni

Digrii saba.

Ijumaa, 27 Juni

Digrii saba na nusu. Mablanketi yamelowa umande, mazito, yamepinda fremu. Nimekaa ndani saa nzima na kipimajoto mkononi, kana kwamba nikikitazama kitapanda. Hizi ndizo siku zenyewe. Linalotokea linatokea ndani ya shina, nimefungiwa nje, na siwezi kulisaidia wala kuliona.

Nimemaliza wiki bila kuongea na mtu isipokuwa Mzee Kirui. Dada yangu ameacha kupiga.

Jumanne, 8 Julai

Suke. Ndoo ya saba. Limetoka ndani ya jani lake la juu likiwa limekunjika kidogo, kijani hafifu.

Nilimwita Mzee Kirui kabla hajaondoka. Alisimama mbele ya ndoo, akavua kofia tena. Halafu akasema, "Ameamka."

Niliitikia.

Alhamisi, 10 Julai

Masuke saba sasa. Saa sita mchana maua yamefunguka, na nimekaa na kibanio nikichukua vifuko vya chavua. Kifuko kizima ni cha njano na kimejaa, ukikigusa kinatoa vumbi. Hivi ni vyeupe na vyembamba. Nimetikisa suke juu ya karatasi nyeusi. Karatasi imebaki nyeusi.

Nimeweka ayodini. Chavua hai ikipata ayodini inakuwa nyeusi, maana ina chakula ndani. Nimetazama vifuko ishirini na mbili. Duara ndogo zisizo na rangi, zimekunjamana. Zote.

Nimeosha kioo cha darubini nikatazama tena, labda ni uchafu.

Nimejaribu pia kuchukua chavua ya mpunga wa kawaida. Ulishakauka Juni. Hakuna.

Nimechoka kiasi kwamba hata kulia ni kazi.

Jumapili, 13 Julai

Simu. "Yamechanua?"

"Ndiyo, Profesa. Yamechanua."

Akinyi amesema analia. Halafu Profesa akarudi kwenye simu, akavuta pumzi, akasema neno jipya. "Yameinama?"

Nikasema bado, ni mapema. Hilo si uongo.

Mpunga wenye punje huinama. Mtu yeyote wa kwao anajua hilo tangu utotoni. Suke likibeba, linashuka lenyewe, na shamba lote linageuka rangi na kimo.

Jumatatu, 14 Julai

Mzee Kirui alishuhudia kanisani jana. Amenisimulia yote. Alisimama mbele akaeleza habari ya wagonjwa kumi na mmoja waliokataliwa na baridi na friji na ofisi, wakalala siku mia moja, na wakaamka. Kanisa lote lilisimama. Kuna mama mmoja alikuja kumuuliza kama anaweza kuombea ng'ombe wake.

Anaponieleza anashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Nilitaka kumwambia. Nimelifikisha mpaka kwenye meno. Mzee, ni tochi yako. Ningekuwa nimeutua mzigo, na yeye angeubeba mpaka kaburini, na mpunga usingezaa hata punje moja zaidi. Nikasema asante kwa blanketi.

Ijumaa, 1 Agosti

Yamesimama.

Jumatano, 6 Agosti

Yote yamesimama. Masuke arobaini na tatu, yamenyooka juu ya ndoo kama askari wa gwaride. Nabonyeza punje kwa vidole. Inasikika maganda mawili yakigusana, ndani hamna kitu. Pepe. Pepe. Pepe.

Nilifikiria kukata mashina yachipue tena, tujaribu mwakani. Nimeng'oa ndoo ya pili kutazama mizizi. Nyeusi, inanuka, inakatika mkononi. Baridi na maji yaliyosimama. Ya tatu vile vile. Ya nne, ya tano.

Sikuendelea kung'oa. Nimezikata zilizobaki juu juu tu, nimezimwagilia, nikijua.

Alhamisi, 14 Agosti

Hakuna lililochipua. Mashina yamekuwa laini kama ndizi iliyooza.

Nimekaa chini nikapembua masuke yote, punje kwa punje, kwenye sinia. Siku mbili. Nikipata iliyobonyea vizuri naipasua na wembe. Sijapata hata moja yenye kitu ndani. Nimeacha suke moja zima la kuhifadhi, la ndoo ya saba, lile la kwanza. Sijui la nini.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilimpigia mimi, sikungoja Jumapili.

"Yameinama?"

"Hayakuinama, Profesa. Ni mapepe. Mizizi pia imekufa. Hakuna kitu."

Nilisikia kuku wa huko kwao, na redio mbali. Akinyi hakuingilia. Nikadhani Profesa amelala. Halafu akaanza kusema, neno moja, pumzi, neno lingine. "Usiku. Nani. Alikata. Usiku?"

Alikuwa anajua. Mche unaochelewa miezi miwili kuchanua, yeye halaumu baridi. Angejua hata bila kichwa.

Nikasema, "Ni mimi."

"Tochi?"

"Tochi."

Akapumua. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Miaka kumi na tisa, mbegu ya mama yake.

"Pole, Wambui," akasema.

Ni mimi niliyeambiwa pole. Nimekaa na simu imekatika mkononi sijui kwa muda gani.

Ijumaa, 22 Agosti

Jumapili ni sikukuu ya mavuno kwa kanisa la Mzee Kirui. Kila mtu anapeleka kitu cha shamba lake, vinabarikiwa, kisha vinanadiwa. Amekuja akiwa amevua kofia. Yeye mwaka huu hana shamba la kusema, mahindi yake yaliliwa na baridi. Ameuliza kama anaweza kupata suke moja la wale wagonjwa. Moja tu, si la kula, la kushukuru.

Nilikuwa nalo moja tu. Nimelifunga kwenye gazeti nikampa. Akaniomba nije. Nikasema nitaona.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeenda. Sijaingia kanisani tangu mazishi ya mama. Nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nikasongwa na watoto.

Mbele kulikuwa na meza ndefu. Kabichi, miwa, viazi, debe la maharagwe, jogoo amefungwa miguu, maziwa kwenye vibuyu. Katikati, kwenye chupa ya soda yenye maji, suke la Mama. Limenyooka kabisa. Rangi ya dhahabu, zuri. Karibu na mazao yale yote lilikuwa jambo la pekee. Watu walipita wakilitazama. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama mchele kumbe hutoka kwa nyasi. Huku kwetu mchele tunaujua ukiwa dukani.

Zamu yake ilipofika, Mzee Kirui aliliinua juu kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti la suti na viatu vya kazi. Alisema maneno machache. "Tuliambiwa hawataamka. Sasa angalieni vile imesimama."

Watu wakapiga makofi. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona kule nyuma, akaniinulia lile suke kidogo.

Nikapiga makofi pia.

Lilinunuliwa na mama mmoja wa hapa sokoni. Amesema ataliweka kwenye kabati la vioo, sebuleni, wageni walione.

Baada ya ibada nimempigia dada yangu. Maji yameshuka, wamerudi nyumbani, godoro limeharibika. Tumeongea kidogo. Nimemwambia nitakuja wiki ijayo.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimesimama, nimeshika funguo za nyumba ya vioo. Nikakumbuka hakuna cha kufunika. Nimezirudisha kwenye msumari.